Daisy wa Scafell Pike: mbwa wa kilo 55, watu 16 na machela moja

Ijumaa jioni, tarehe 24 Julai 2020, simu iliingia kwa polisi wa Cumbria, kaskazini magharibi mwa England. Watu wawili walikuwa wanashuka mlima Scafell Pike na mbwa wao Daisy, Saint Bernard wa kilo 55, na mbwa kalala chini hanyanyuki tena, miguu ya nyuma inaonekana inamuuma. Polisi wakaipeleka kesi kwa Wasdale Mountain Rescue, kikosi cha uokoaji cha watu wa kujitolea, wakahusika watu 16 na kazi ikachukua kama saa 5 mpaka Daisy kufika chini akiwa kwenye machela ile ile wanayobebea binadamu. Kesho yake wenyewe wakasema amelala vizuri na kachangamka kama kawaida yake.

Stori ikasambaa dunia nzima na wengi waliichukulia kama kichekesho tu, maana Saint Bernard ndo yule mbwa wa kwenye katuni mwenye kipipa shingoni anayefukua watu kwenye theluji, sasa leo yeye ndo anabebwa. Hata kikosi chenyewe kilitania kwamba Daisy anaonekana kaona aibu kidogo kwa kuwaangusha ndugu zake wa milima ya Alps. Na najua ukimwonyesha mtu wa huku kwetu ile picha ya mbwa kalala kwenye machela kaegemeza kidevu swali la kwanza litakuwa, hivi wazungu hawana kazi, watu wazima 16 wanambeba mbwa?

Mimi nataka tuiangalie kama kisa, siyo kama kichekesho, kwa sababu naona watu waliolaumu walilaumu sehemu isiyo yenyewe. Wengi walisema wale wawili wangejitahidi kumshusha, au walikosea kusumbua waokoaji kwa ajili ya mnyama. Hapana bana. Kupiga simu ndo jambo la maana zaidi lililofanyika siku ile. Swali lililokuwa na uzito ni la asubuhi, kabla hata ya kufunga kamba za viatu: huyu akigoma katikati ya mlima, nani atambeba?

Tuanze na mlima wenyewe maana mtu wa Moshi akisikia mita 978 anaweza akacheka. Ndo mlima mrefu kuliko yote England huo, na geti la Marangu la kupandia Kilimanjaro peke yake liko juu karibu mara mbili ya hapo. Lakini urefu kutoka usawa wa bahari unadanganya sana, kwa sababu ukiingilia upande wa Wasdale unaanzia bondeni kabisa pembeni ya ziwa Wast Water, kwa hiyo unapanda karibu mita 900 na kuzishuka zote siku hiyo hiyo, hakuna kambi ya kulala katikati. Na njia siyo udongo. Sehemu kubwa ni mawe yaliyopangwa kama ngazi na huko juu ni mawe matupu yaliyorundikana, makubwa kwa madogo, yenye ncha, unaruka moja unatua jingine. Ndo njia fupi na watu wengi wanaitumia, kuna vijito vya kuvuka, na kwenye kumshusha Daisy waokoaji walitaja kabisa kwamba kulikuwa na maporomoko ya maji ya kupita nayo. Mtu mwenye buti nzuri akirudi parking magoti yanatetemeka, sembuse mnyama asiye na viatu.

Halafu angalia kipindi chenyewe. Mwaka 2020 England walitoka kwenye lockdown ya korona, hoteli na kambi za mahema zikafunguliwa tarehe 4 Julai, na kusafiri nje bado ilikuwa shida, basi watu wakamiminika Lake District, eneo la milima na maziwa ulipo Scafell Pike, na maeneo kama hayo. Familia nyingi zilikuwa zimetoka kwenye miezi ya kuzunguka mtaani tu na mbwa wao, mizunguko mifupi kwenye lami, na ghafla ni likizo ya mlimani. Binadamu akikaa hivyo anajua mwenyewe kwamba pumzi hana. Mbwa hajui, na hata akijua hawezi kukwambia mzee leo tuishie kwenye ziwa.

Hapa kwenye mbwa ndo pana mambo.

Watu wanamchukua Saint Bernard kama mbwa wa mlima kwa sifa ya jina. Na sifa ni ya kweli, ila siyo ya huyu wa leo. Hao mbwa walifugwa na watawa kwenye nyumba ya wageni iliyopo Great St Bernard Pass, njia ya milimani kati ya Uswisi na Italia, kama mita 2,469 juu, na maarufu kuliko wote ni Barry aliyeishi kati ya 1800 na 1814 ambaye anasifiwa kuokoa watu zaidi ya 40 na mwili wake mpaka leo upo makumbusho ya Bern. Sasa Barry inakadiriwa alikuwa na kilo 40 mpaka 45 tu. Baadaye, karne ya 19, wakachanganywa na mbwa wa aina ya Newfoundland, wakapata wenye manyoya marefu, na manyoya yale yakawa yanashika barafu kwenye theluji mpaka mbwa analemewa, hivyo wengi wa aina hiyo wakagawiwa watu wa mabondeni. Na ni hao wa mabondeni waliokuja kuwa Saint Bernard wa sebuleni tunaowaona leo, wakubwa, wazito, wengine wanapita hata kilo 70. Kile kipipa cha pombe shingoni nacho kimetokana na mchoro wa mwaka 1820, watawa wenyewe wanakikana. Kwa hiyo unayemfuga leo ana jina la Barry lakini hana mwili wa Barry, na hata Barry mwenyewe alifanya kazi kwenye baridi na theluji, siyo kwenye mawe ya mwezi wa saba.

Daisy kwa kilo 55 hakuwa mnene wa ajabu, kwa Saint Bernard hiyo ni kawaida kabisa. Tatizo ni kwamba hiyo kawaida yenyewe ni mfuko wa saruji na kilo 5 juu yake, na mzigo wote huo unatua kwenye nyayo 4 na viungo ambavyo kwa mbwa wakubwa wa namna hii vinajulikana kwa matatizo ya nyonga na magoti. Madaktari wa mifugo wanalijua hili siku nyingi, nyonga za Saint Bernard ni mojawapo ya zinazoangaliwa sana kabla ya kuzalisha. Siyo kwamba kila mmoja anaumwa, ila ukimpeleka mlimani bila kumpitisha kwa daktari unacheza kamari.

Wakati wa kupanda mbwa anasukuma na miguu ya nyuma. Hiyo ndo injini yake. Mita 900 za kusukuma, hatua ya jiwe baada ya hatua ya jiwe, misuli ya nyuma inachoka, na akifika kileleni anakaa, anapewa maji na biskuti, anapigwa picha, misuli inakakamaa. Halafu kushuka kunaanza, uzito unahamia mbele, na ya nyuma sasa kazi yake ni kushika breki na kubalansi kila anaporuka jiwe. Ndo maana wengi, watu na mbwa, wanaishia kushindwa wakati wa kurudi, Daisy naye ilimkuta akishuka. Na wakati wa kushuka huna tena njia ya kukata safari maana safari ya kurudi ndo hiyo hiyo upo nayo. Ukichoka wakati wa kupanda unageuza. Ukichoka wakati wa kushuka unageuza uende wapi?

Na mbwa ana tabia moja mbaya kwa safari kama hizi, anakupenda. Wewe ukinyanyuka anafuata, ukiongeza mwendo anaongeza, maumivu anayaficha mpaka mwili ugome wenyewe. Yule anayekaa kila mnaposimama, anayebaki nyuma wakati kawaida yake ni kutangulia, anayesita kwenye jiwe ambalo asubuhi aliliruka bila kufikiri, anayelamba nyayo kila dakika, huyo tayari kashasema. Joto nalo linaongeza, mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anapoza kwa kuhema, na mwenye koti la manyoya kama la Daisy anahema sana kwa kazi ndogo tu.

Sasa turudi pale kwenye tukio, kalala, hataki kunyanyuka, na nyinyi mpo wawili. Piga hesabu. Kilo 55 kwa watu wawili ni karibu kilo 27 kila mmoja, na mzigo wenyewe hauna mshiko, unacheza, una maumivu, na ukiushika vibaya unaweza ukakuuma hata kama umeulea tangu mdogo. Kilimanjaro mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20 za mzigo wa mgeni, na huyo ni mtu anayeishi kwa kazi hiyo, ana mkoba umekaa sawa mgongoni, anatembea kwenye njia anayoijua kwa macho kufumba. Wale wawili wangejaribu kumshusha kwa mikono kwenye yale mawe uwezekano mkubwa polisi wangepokea simu nyingine, ya mtu aliyevunjika mguu na mbwa juu yake. Vikosi vya uokoaji hili wanalielewa vizuri sana, ni sababu mojawapo ya kutokukataa kesi za wanyama, maana mwenye mbwa ukimkatalia hatoshuka na kumuacha, atajaribu mwenyewe, na muda si mrefu unamfuata yeye.

Utaratibu wa kule unapiga namba ya dharura 999 unaomba polisi, kisha mountain rescue, polisi ndo wanaita kikosi. Hulipi. Wanaokuja ni watu wenye kazi zao, walimu, mafundi, wakulima, wanaacha chakula cha jioni mezani, na vikosi vinaendeshwa kwa michango. Bonde la Wasdale lina mtandao wa kubahatisha pia, kwa hiyo kule kupata simu kutoka huko juu nako ni bahati ambayo siyo ya kuipangia safari.

Kitu kilichonivutia zaidi ni kwamba kikosi hakikukurupuka kupanda. Kwanza waliongea na madaktari wa mifugo, wajue wanaenda kufanya nini na wasimzidishie mnyama tatizo. Hii siyo ndogo, watu hao wamefundishwa kumhudumia binadamu, na dawa ya binadamu siyo ya mbwa, hivyo vidonge vya ibuprofen au Panadol vilivyopo kwenye mfuko wako vinaweza vikamuua mbwa uliyetaka kumsaidia. Walipofika walijitambulisha kwa Daisy taratibu, akanuse, apewe kitu kitamu, ndo wakamkagua na kumpa dawa ya maumivu. Kisha wakaanza kuirekebisha machela ikae kimbwa mbwa. Wakamshawishi kwa vitafunwa zaidi mpaka akatulia, kidevu kaegemeza kwenye kinga ya kichwa, na wakasema wenyewe kwamba kuanzia hapo haikuwa tofauti sana na kumshusha mtu mzima, ukiacha kusimama mara kwa mara kurekebisha machela na kumkuna kichwa.

Hiyo ya kusimama simama ndo inakuonyesha kwa nini watu 16. Mtu anayeuliza wote hao wa nini hajawahi kushika machela kwenye mteremko. Hawabebi wote kwa pamoja, wanaobeba ni wachache kwa zamu, na wanabadilishana kila baada ya muda kwa sababu mkono mmoja umeshika chuma na mguu unatafuta jiwe usiloliona, machela imekuziba. Anahitajika mtu wa kutangulia kuchagua njia, mtu wa kichwani kwa mgonjwa, na sehemu za mteremko mkali kunakuwa na kamba nyuma za kuizuia isikimbie. Watu wa Kili wanaijua kazi hii, ile machela ya tairi moja inayoshusha wagonjwa kutoka kambi za juu inahitaji timu inayoikimbiza kwa zamu, na hiyo ina tairi na ina njia. Kwenye maporomoko ya Wasdale tairi ni mabega ya watu.

Kuna kisa kingine lazima nikiweke hapa kidogo maana bila hicho mtu hataona kwa nini nawatetea wale wa Daisy. Agosti 2012, Colorado, Marekani, mwanaume mmoja alipanda Mount Bierstadt, mlima wa zaidi ya mita 4,280, na mbwa wake Missy wa jamii ya German Shepherd. Nyayo za mbwa zikachanika kwenye mawe, hali ya hewa ikabadilika, akashindwa kumbeba, akamuacha. Alipotafuta msaada akaambiwa ni hatari kupeleka watu kule kwa ajili ya mbwa, akakata tamaa. Missy alikaa huko juu kama siku 8. Wapanda mlima wengine walimkuta akiwa hai, hawakuweza kumbeba peke yao, wakatoa taarifa mtandaoni, na watu 8 wa kujitolea wakapanda kwenye theluji wakamshusha kwa kupokezana wakimbeba ndani ya mkoba mgongoni. Mwenye mbwa akashtakiwa kwa ukatili wa wanyama na mwisho akakubali kumuachia, Missy akapata familia nyingine.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja, tatizo la mwanzo ni moja, mbwa mkubwa kagoma kwenye mawe na waliopo hawatoshi kumbeba. Tofauti ni mbili tu. Wale wa Scafell Pike walibaki na mnyama wao mpaka mwisho, na mfumo wa upande wao ulikuwa tayari kupanda kwa ajili ya mbwa. Yule wa Colorado watu walimtukana sana mitandaoni na mimi sitamsafisha, kumuacha bila kurudi kesho yake hakueleweki kwangu. Lakini ile saa ya mawingu kufunga na mbwa hasogei, na hakuna anayekuja, hiyo ilikuwa imeshapangwa asubuhi alipoondoka na mbwa mzito kwenda kwenye ukingo wa mawe makali. Bahati ya Daisy ilikuwa ni kikosi.

Sasa kwa anayetaka kwenda likizo ya mlimani na mbwa wake, hasa ndugu zetu mliopo Uingereza, Ujerumani na Canada ambako hayo ndo maisha. Swali la nani atambeba lipe namba. Mbwa wa kilo 10 unambeba kwenye mkoba huku unapiga mluzi. Wa kilo 25 mtu mwenye mazoezi atamshusha kwa shida akiwa na ile mikanda ya dharura ya kumvalisha mbwa mgongoni, ya kukunja ikawa ndogo kama soksi, nunua, ijaribu nyumbani kwanza, mbwa aizoee. Kuanzia kilo 40 kwenda juu mnahitaji kundi, na kama kundi hamna basi chagua mlima mwingine, haimaanishi mbwa abaki. Lake District ile ile ina njia za kuzunguka maziwa, tambarare, kivuli kipo, maji yapo, Saint Bernard atafurahi kuliko kileleni ambako yeye wala haoni faida ya mandhari. Na mazoezi yake yaanze miezi kabla, kwa vilima vidogo na changarawe ili nyayo zikomae, siyo kutoka kwenye zulia kwenda kwenye mawe.

Kingine, mpangie yeye pa kugeuzia. Watu wana saa ya kugeuza kwa ajili ya giza, mbwa apate ya kwake kwa ajili ya miguu, mahali ambapo akionyesha dalili moja tu katika zile nilizosema mnarudi wote, wakati bado ana nusu ya nguvu zake za kushukia. Kamba usisahau pia, maana sheria ya England ya mwaka 2000 kwenye ardhi za wazi inataka mbwa awe kwenye kamba fupi isiyozidi mita 2 kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 31 Julai kwa ajili ya ndege wanaotaga chini, na karibu na kondoo ni mwaka mzima. Na mbwa mzito akiwa kwenye kamba mteremkoni mwendo wake unaupanga wewe, kwa hiyo ukikimbia naye anakimbia, taratibu tafadhali.

Huku kwetu hesabu inaanzia pengine. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa wa kufugwa, Kilimanjaro, Meru, Mount Kenya, zote, na siyo roho mbaya. Mwaka 1994 ugonjwa wa distemper uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti na ulihusishwa na mbwa wa vijijini vinavyozunguka hifadhi. Nairobi angalau kuna msitu wa Karura, mbwa anaingia akiwa kwenye kamba, na pale ni pazuri kumpimia pumzi kabla hujafikiria vilima. Milima ya nje ya hifadhi ulizia kijijini kwanza na kwa watu wa misitu, mbwa awe na chanjo ya kichaa cha mbwa na karatasi yake, na huko hakuna watu 16 wanaosubiri simu, kwa hiyo wa kumbeba muwe mmeshajihesabu wenyewe kabla ya kutoka nyumbani.